Kukaa, Kuegemea na Kukwama: Vitenzi vya Kuunga Chuma na Mti katika Msamiati wa Bunduki za Gobori

Ikisiri

Msamiati wa bunduki katika Kiswahili umeshughulikiwa zaidi kwa upande wa nomino: asili ya maneno kama bunduki, kasiba na baruti inajulikana vyema. Vitenzi vinavyoeleza namna vyuma vinavyoungwa na mti wa bunduki havijapewa uzito unaolingana. Makala haya yanafafanua kazi ya kupachika vyuma kwenye mti wa bunduki ya kushindilia kwa mdomo, kwa kutumia mfano wa bunduki ndefu iliyotengenezwa Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18, na yanaonesha vitenzi vya Kiswahili vinavyohitajika katika kila hatua. Inadaiwa kwamba tofauti baina ya kubandika, kupachika na kuzamisha, na baina ya kuegemea, kubanwa na kukwama, ni tofauti za kiufundi ambazo zikipotea katika tafsiri huharibu kazi yenyewe. Aidha, viambishi vya unyambulishaji -ik-, -am- na -u- vinaipa lugha utaratibu wa kueleza kitendo cha kuweka, hali ya kukaa na kitendo cha kuondoa. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba uundaji wa istilahi za ufundi uanze na vitenzi vya karakana kabla ya orodha za nomino.

1.0 Utangulizi

Fundi anayeunga vitu viwili vya asili moja, ubao na ubao au chuma na chuma, anafanya kazi na vitu vinavyofanana tabia. Anayeunga chuma na mti hana nafuu hiyo. Mti hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Chuma hakifanyi hivyo. Mti una nyuzi zenye mwelekeo na hupasuka kwa kuufuata mwelekeo huo. Chuma hakina nyuzi za namna hiyo. Bunduki inaongeza tatizo la tatu: kila inapolia, chuma huusukuma mti kwa nguvu nyingi katika muda mfupi mno. Kiungo kinachoonekana kizuri machoni kinaweza kupasua mti baada ya milio michache tu.

Kwa sababu hiyo ufundi wa mti wa bunduki una matakwa ya usahihi yasiyo ya kawaida katika useremala, na matakwa hayo hudai usahihi wa maneno pia. Haitoshi kusema kwamba chuma "kimewekwa" kwenye mti. Ni lazima ijulikane kimegusa wapi, hakikugusa wapi, kinaweza kusogea upande gani, na kitatolewaje siku kitakapohitaji kusafishwa. Swali la makala haya ni iwapo Kiswahili kina maneno ya kuyasema hayo bila kukopa, na kama yapo, yamehifadhiwa wapi.

Ufafanuzi unahusu mti na vyuma vinavyoushika. Makala hayahusu utengenezaji wa kasiba wala wa mtambo. Hizo ni kazi za mhunzi, nazo katika nchi nyingi hutawaliwa na sheria za silaha. Mfano wa Pennsylvania umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hatua za ufundi huo zinafahamika vizuri, kwa kuwa bunduki nyingi za wakati huo zimehifadhiwa na mafundi wa leo huzitengeneza upya kwa zana za mkono. Pili, bunduki hizo ni za teknolojia ileile iliyozaa msamiati wa zamani wa Kiswahili: bunduki ya kushindilia kwa mdomo, yenye kuwashwa kwa gumegume.

2.0 Nomino zilizopo na asili yake

Maneno mengi ya Kiswahili yanayohusu bunduki yaliingia kwa njia ya Kiarabu. Bunduki linatokana na bunduq, neno lililotaja kokwa ngumu ya mviringo, kisha kidonge cha kurushwa kwa upinde, na hatimaye silaha yenyewe. Kasiba ni qasaba, yaani tete au bomba. Risasi ni rasas, madini yaliyomo ndani yake. Fatila ni utambi, na bunduki ya fatila ni ile inayowashwa kwa utambi unaofukiza moto. Maneno haya yanaonesha kwamba wenyeji wa pwani waliipokea bunduki pamoja na majina yake, kutoka kwa watu waliokuwa wakishirikiana nao katika biashara ya Bahari ya Hindi.

Sehemu nyingine zilipewa majina ya humuhumu. Mtambo, neno linalotumika kwa chochote chenye kamani au nguvu ya kufyatuka, ukiwamo mtego, lilichukuliwa kutaja kifaa cha kuwashia. Mdomo wa bunduki na kitako chake ni majina ya mwili. Mdeki ni ufito wa kushindilia baruti na risasi. Kifa hutajwa katika kamusi za zamani kwa maana zinazogusa tundu la kupitishia moto pamoja na mahali pa kuwekea baruti ya kuwashia. Tutaona katika sehemu ya 4.3 kwamba kutotenganisha maana hizo mbili si jambo dogo.

Gobori lilidumu kwa muda mrefu Afrika Mashariki, na sababu mojawapo ni ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Kamusi za Krapf (1882), Madan (1903) na Johnson (1939) zilitungwa katika kipindi ambacho bunduki hizo zilikuwa vyombo vya kila siku kwa wawindaji na walinzi wa misafara, au bado zilikuwa katika kumbukumbu ya karibu. Ndiyo maana nomino zake zimehifadhiwa vizuri. Hata hivyo, kamusi huandika kitu baada ya kukamilika. Mtunzi wa kamusi aliyeoneshwa bunduki na kuambiwa "hiki ni kitako, hiki ni kifa" hakuwa na sababu ya kuuliza kitako kiliungwaje.

3.0 Mti wa bunduki na vyuma vyake

Kabla ya kueleza kazi, ni lazima kutaja kinachofanyiwa kazi. Hapa Kiswahili kina pengo dogo. Kitako ni sehemu ya nyuma inayokaa begani. Lakini ubao wote, kuanzia kitako hadi mbele chini ya kasiba, hauna jina moja lililozoeleka. Mpini hautoshi, kwani mpini hushikwa na mkono na chuma hukaa kwenye ncha yake, ilhali ubao wa bunduki hubeba chuma kwa urefu wake wote. Makala haya yanatumia mti wa bunduki, kwa maana ya ubao mzima, na kitako kwa sehemu ya nyuma tu.

Mti huo katika Pennsylvania ulikuwa aghalabu wa mepo, mti mgumu wa misitu ya Amerika Kaskazini. Ulaya ulipendelewa mjozi. Kati ya kitako na mahali pa mtambo mti huwa mwembamba ili mkono uushike. Waingereza hupafananisha mahali hapa na kifundo cha mkono. Wajerumani hupaita kwa neno lenye maana ya shingo. Kiswahili, kinachosema shingo ya chupa na shingo ya mtungi, kinaelekea upande wa Kijerumani bila kulazimishwa. Shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote: ni nyembamba, imetobolewa kwa ajili ya mtambo na kifyatuo, na hupokea msukumo wote wa mlio. Fundi huchagua ubao ambao nyuzi zake hupita shingoni kwa urefu, si kwa kukatiza.

Vyuma vinavyopaswa kupachikwa ni hivi: kasiba pamoja na mkia wake, yaani ulimi wa chuma unaotoka nyuma ya kasiba na kulala juu ya shingo, mtambo na bamba lake upande wa kulia, bamba dogo la kushoto linalopokea vichwa vya parafujo za mtambo, kifyatuo na upinde unaokikinga, pete za mdeki chini ya mti, bamba la shaba linalofunika mwisho wa kitako, na, katika bunduki nyingi za Pennsylvania, kisanduku cha shaba kilichochongewa nafasi ubavuni mwa kitako, chenye kifuniko cha bawaba, cha kuwekea viraka vya kitambaa vilivyopakwa mafuta ambavyo huzungushiwa risasi kabla ya kushindiliwa.

4.0 Hatua za kazi na vitenzi vyake

4.1 Kubandika, kupachika, kuzamisha, kuchomeka

Mifano ifuatayo inaweza kutafsiriwa kwa Kiingereza kwa kitenzi kimoja, lakini fundi wa Kiswahili hatazichanganya:

(1) a. Bamba limebandikwa kwenye mti.
b. Bamba limepachikwa kwenye mti.
c. Bamba limezamishwa katika mti.
d. Pini imechomekwa katika mti.

Katika (1a) bamba liko juu ya uso wa mti, na mti haukuchongwa. Katika (1b) pana nafasi iliyoandaliwa ambamo bamba limeingia, pengine si lote. Katika (1c) bamba limeingia hadi uso wake umelingana na uso wa mti, hata kidole kikipitishwa juu yake hakikwami. Katika (1d) kitu chembamba kimepitishwa kwa ncha ndani ya tundu. Karibu vyuma vyote vya mti wa bunduki ni vya kuzamishwa, pini ni za kuchomekwa, hakuna kinachobandikwa. Fundi anayebandika bamba la mtambo juu ya mti pasipo kulizamisha ameacha ukingo wa kunasa nguo na kupokea maji.

4.2 Kuzamisha kwa masizi

Njia ya kuzamisha ni ya zamani, tena rahisi kueleza. Chuma hupakwa masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Kisha huwekwa mahali pake juu ya mti na kugongwa polepole, halafu huinuliwa. Palipogusa pana alama nyeusi. Fundi huparuza alama hizo tu kwa patasi kali au kwa ubapa wa chuma, hupaka tena masizi, hugonga tena, huinua tena. Mwanzoni alama ni mbili au tatu; kadiri kazi inavyoendelea huongezeka, hadi eneo zima la mti lionekane limetiwa weusi kwa usawa. Hapo husemwa kwamba chuma kimekaa.

Kitenzi hiki, kukaa, kina maana ya kiufundi ambayo mzungumzaji wa kawaida tayari anaijua kutoka kwa mavazi. Kiswahili hutofautisha nguo iliyomwenea mtu, yaani ile ambayo kipimo chake kinatosha, na nguo iliyomkaa, yaani ile iliyolala mwilini sawasawa. Chuma nacho chaweza kuenea katika nafasi yake bila kukaa: kingo zake zinalingana na mti, lakini chini yake pana uwazi. Ni kosa lisiloonekana, na masizi pekee ndiyo huliumbua. Tofauti ya kuenea na kukaa ni ile ya umbo la juu na mgusano wa ndani, nayo ni msingi wa kazi yote.

Mambo mawili husaidia chuma kukaa. Kwanza, kingo za bamba hutiwa tupa kwa mshazari mdogo, upande wa chini uwe mwembamba kidogo kuliko wa juu. Bamba la namna hiyo huingia kama kizibo: kadiri linavyoshuka ndivyo mwanya wa pembeni unavyozibika. Pili, mti huachwa juu kidogo ya chuma, kisha vyote viwili husawazishwa pamoja kwa tupa na msasa mwishoni. Anayesawazisha mti kwanza na kuzamisha baadaye hujikuta na bamba lililo chini ya uso wa mti, na mti uliokwisha kuondolewa haurudishwi.

4.3 Mpangilio wa kasiba, mtambo na kifa

Kazi huanza na kasiba, nayo ina sababu. Kasiba hulazwa katika mfereji uliochongwa kwa urefu wa mti. Katika bunduki za Pennsylvania kasiba huwa na pande nane, na urefu wake aghalabu huzidi mita 1. Kila upande wa chini na wa ubavuni hujaribiwa kwa masizi. Ikishakaa, mahali pa kila kitu kingine hupimwa kutokana nayo.

Kinachofuata ni mtambo. Bamba la mtambo lina kisahani cha kuwekea baruti ya kuwashia, na ubavuni mwa kasiba pana tundu la kupitishia moto. Tundu hilo linapaswa kuwa katikati ya kisahani kwa upana, na karibu na usawa wa ukingo wake wa juu. Likiwa chini mno, baruti ya kisahani huliziba na bunduki huchelewa kulia. Likiwa nyuma au mbele mno, moto haulifikii vizuri. Tena ukuta wa mtambo ulio ubavuni mwa kisahani lazima uegemee kasiba bila mwanya wowote, la sivyo baruti hupenya ndani ya mtambo.

Hapa ndipo utata wa kifa unapoleta madhara. Ikiwa kifa ni tundu na vilevile ni kisahani, agizo la kwamba "kifa kikae katikati ya kifa" halina maana. Kwa mtumiaji wa bunduki, maana hizo mbili ni kitu kimoja: mahali moto unapoingilia. Kwa fundi, ni sehemu mbili za vyuma viwili tofauti ambazo kazi yake ni kuzikutanisha. Kamusi ilirekodi mtazamo wa mtumiaji. Makala haya yanapendekeza tundu la kifa kwa upande wa kasiba na kisahani cha kifa kwa upande wa mtambo, ili neno la zamani libaki na kazi ya fundi iwezekane kusemwa.

Ndani ya mti, nyuma ya bamba la mtambo, sharti hugeuka kinyume. Kamani na vidole vya mtambo hutembea, na sehemu inayotembea haipaswi kugusa mti hata kidogo. Masizi hutumika tena: mtambo hupakwa, huzamishwa, hufyatuliwa mara kadhaa, kisha hutolewa, alama yoyote nyeusi katika chumba cha ndani huonesha mahali pa kuchongwa zaidi. Alama ileile ambayo chini ya bamba ni dalili ya mafanikio, hapa ni dalili ya kosa.

4.4 Kuegemea bila kukwama

Bunduki inapolia, kasiba husukumwa nyuma. Msukumo huo unapaswa kupokewa na mwisho bapa wa kasiba, unaoegemea ukuta wa mti kwa eneo lake lote. Mkia, ulio mwembamba na unaolala juu ya shingo, haupaswi kupokea chochote. Ukiacha mwisho wa mkia uguse mti, unakuwa kama kabari: kila mlio huupigilia katika nyuzi za shingo, na siku moja ufa hufunguka nyuma yake. Kwa hiyo fundi huacha mwanya mdogo sana mwishoni mwa mkia, wa unene wa karatasi, ambao jicho halitauona kama kasoro.

(2) a. Kasiba imeegemea mti.
b. Kasiba imebanwa na mti.
c. Kasiba imekwama katika mti.

Sentensi (2a) ndiyo inayotakiwa mwishoni mwa kasiba: mgusano wenye kubeba nguvu upande mmja tu, unaoweza kuachana bila madhara. Sentensi (2b) inaeleza shinikizo kutoka pande mbili. Ni sahihi kwa mkia ulioshikwa na parafujo yake juu na chini, lakini ikisemwa kwa mfereji mzima wa kasiba inamaanisha kwamba mti umesinyaa au umechongwa mwembamba, na kasiba itapindwa na hali ya hewa. Sentensi (2c) ni kilio: kitu kimeingia na hakitoki. Mwongozo wa ufundi unaoagiza "kasiba ikazwe nyuma" mahali ulipopaswa kusema "iegemee nyuma" unamwelekeza msomaji kuupasua mti wake.

4.5 Kuchomeka na kuchomoa, kufunga na kufungua

Katika bunduki za Pennsylvania kasiba hushikwa na mti kwa pini nyembamba za chuma zinazopita ubavuni na kupenya vipande vidogo vya chuma vilivyoungwa chini ya kasiba. Fundi mwangalifu hatoboi tundu la mviringo katika vipande hivyo. Hulirefusha kufuata urefu wa kasiba. Sababu ni tabia ya mti. Ingawa mti husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, katika urefu unaozidi mita 1 hata badiliko dogo linatosha kuivuta kasiba. Tundu refu huiacha pini iteleze, na mti huvimba na kusinyaa bila kuipinda kasiba.

Mafundi wa Oman walilitatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Bunduki zao za fatila zilishikanisha kasiba na mti kwa pete za fedha zilizozungushwa kwa nje, kasiba na mti vikiwa ndani ya pete moja. Pete haihitaji mti kutobolewa, nayo huruhusu urefu ubadilike. Kwa lugha ya ufundi, kasiba ya Oman hufungwa na hufunguliwa, na pini ya Pennsylvania huchomekwa na huchomolewa. Tofauti ya vitenzi ni tofauti ya falsafa mbili za kiungo.

4.6 Bamba la kitako na parafujo

Bamba la kitako ni gumu kuzamisha kuliko yote, kwa kuwa limepinda: lina sehemu ya nyuma inayokaa begani na ulimi unaolala juu ya kitako. Haliwezi kushuka moja kwa moja. Lazima lisogezwe mbele na chini kwa pamoja, huku masizi yakikaguliwa pande zote mbili. Likishakaa hutobolewa na kushikwa na parafujo mbili. Tundu la parafujo katika mti hutangulizwa kwa keekee nyembamba kuliko parafujo yenyewe, na parafujo hupakwa nta au sabuni ili isiupasue mti. Tundu la juu ya mkono wa fundi mwenye busara hutobolewa mshazari kidogo kuelekea ndani, ili kila mzunguko wa parafujo uzidi kulivuta bamba kwenye mti.

Parafujo, neno lililotoka Kireno, na msumari wa hesi hutaja kitu kimoja, lakini kitenzi chake ni kukaza, na kinyume chake ni kulegeza. Mzungumzaji akitaka kusisitiza huongeza kielezi: kaza ndi. Kwa mti wa bunduki ndi ni mwisho wa hatari. Parafujo ya mtambo ikikazwa kupita kiasi, mti hubonyea, bamba hupinda, na vidole vya mtambo huanza kusugua ukuta.

Mwisho, mti hupakwa mafuta ya kitani pamoja na ndani ya nafasi zote zilizochongwa. Chuma kinachokaa juu ya mti mkavu wenye asidi za asili huuacha na madoa meusi, nao unyevu ulionaswa chini ya bamba hukitia chuma kutu mahali ambapo jicho halifiki.

5.0 Utaratibu wa viambishi

Vitenzi vilivyojitokeza katika sehemu ya 4.0 havikujipanga kwa bahati. Wanaisimu wa lugha za Kibantu, akiwamo Schadeberg, wametofautisha -ik- ya kuweka kitu katika hali fulani na -ik- ya kutendeka. Ya kwanza ndiyo iliyomo katika bandika, chomeka, funika na angika. Mara nyingi -ik- hiyo hukabiliana na -u- ya kutendua, ambayo hugeuka -o- baada ya irabu o: bandika na bandua, chomeka na chomoa, funika na funua, angika na angua. Kati yao husimama -am-, inayoeleza hali au mkao usio na mtendaji. Utatu kamili unaonekana katika inika, inama na inua.

Kwa karakana, utaratibu huu unalingana na maswali matatu ambayo fundi hujiuliza kuhusu kila chuma: kiwekweje, kikae katika hali gani, na kitolewe vipi? Maumbo ya -am- ndiyo yanayobeba swali la pili, nalo ndilo gumu. Egama, kwama, gandama na shikamana yote ni mikao, lakini si mikao sawa. Chenye kuegama huachana chenyewe nguvu ikiondoka. Chenye kushikamana hubaki pamoja bila kuzuiwa kutenganishwa. Chenye kugandama kimeungwa na kitu cha tatu, kama vile gundi au kutu. Chenye kukwama kimeshikwa pasipokusudiwa, na ndiyo sababu kinyume chake, kwamua, hubeba maana ya kuokoa.

Viambishi hivi, hasa -am-, havizalishi maneno mapya kwa wepesi katika Kiswahili cha leo. Hilo linamaanisha kwamba vitenzi vilivyopo ni hazina yenye kikomo: kila kimoja kinachosahauliwa hakitaundwa tena kwa kanuni, na nafasi yake hujazwa na kuweka, kufunga au kufiksi, vitenzi ambavyo havisemi chochote kuhusu mgusano.

6.0 Athari kwa istilahi na tafsiri

Kazi ya istilahi kwa kawaida huanza na orodha ya nomino za lugha chanzi, kila moja ikitafutiwa kisawe. Mfano wa mti wa bunduki unaonesha udhaifu wa njia hiyo kwa mambo matatu. Kwanza, nomino nyingi zilikuwapo tayari; zilizopungua, kama mti wa bunduki, mkia wa kasiba na kisahani cha kifa, zilipatikana kwa kuunganisha maneno ya kawaida. Pili, makosa yenye madhara hayakuwa katika nomino. Msomaji anayeita mkia "ulimi" bado ataujua akiuona. Msomaji aliyeambiwa kuukaza mahali pa kuuachia mwanya atavunja kitu. Tatu, vitenzi vinavyohitajika havimo katika fasihi ya silaha bali katika karakana za jirani. Seremala wa milango ya Unguja, anayezamisha bawaba na tumbuu, na fundi wa majahazi, anayepigilia misumari katika mbao zitakazovimba baharini, hukabili tabia zilezile za chuma na mti kila siku.

Kwa hiyo mtafiti wa istilahi za ufundi ana sababu ya kuketi karakanani kabla ya kufungua kamusi, na kurekodi sentensi nzima zinazosemwa wakati kazi inaendelea, hasa zile za kukosoa: "hiki kimeenea lakini hakijakaa", "usikikaze, kiache kiegemee". Sentensi za kukosoa ndizo zinazotaja tofauti ambazo kitu kilichokamilika huzificha. Kwa upande wa kamusi, vidahizo kama kaa, enea, egemea na kwama vingestahili kupewa maana ya kiufundi pamoja na mfano wake, badala ya kuishia kwenye maana za mwili na mavazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuata kazi moja ya mkono, kupachika vyuma kwenye mti wa bunduki, na kuonesha kwamba kila hatua yake ina kitenzi chake katika Kiswahili. Nomino za bunduki ziliingia na biashara na zikahifadhiwa na watunzi wa kamusi. Vitenzi vya kuunga havikuhitaji kuingia, kwa kuwa vilikuwapo katika useremala, uhunzi na hata ushonaji. Kwa sababu hiyohiyo havikuandikwa kama istilahi. Gobori limekuwa kitu cha makumbusho katika sehemu nyingi za pwani, lakini tatizo la chuma na mti linaendelea katika milango, majahazi, jembe na samani. Kiswahili kina uwezo wa kulieleza kwa usahihi ambao lugha nyingi hulazimika kuutafuta kwa maelezo marefu, mradi vitenzi hivyo virekodiwe wakati wenye kuvitumia bado wanavitumia.